Barabara Nzuri za Ireland Zina Wenyewe

Ziko nchi ambazo sifa zake hutangulia mbele ya watu wake, na Ireland ni mojawapo. Mtu akitajiwa nchi hiyo, kinachomjia akilini ni majani mabichi, mvua ya rasharasha, kondoo waliopakwa rangi migongoni ili wenyewe wawatambue, na barabara nyembamba zinazopindapinda kati ya kuta za mawe mpaka zikatokea baharini. Kwa sababu ya sifa hizo, waendesha baiskeli kutoka Ulaya na Marekani humiminika huko kila majira ya joto. Wakirudi makwao husimulia, na katika masimulizi yao neno moja halikosekani: "Kule ni kimya, ni kutupu, waweza kwenda saa nzima usione mtu."

Neno hilo ndilo lililonitia kushika kalamu. Nimezipita baadhi ya barabara hizo kwa baiskeli, na uzuri wake siukatai. Mwenye kuukataa ni kipofu au ni hasidi. Ninalolikataa ni kuusifu utupu ule kana kwamba uliumbwa na Mwenyezi Mungu pamoja na milima na bahari. Haukuumbwa hivyo. Ulifanywa na njaa, na njaa ile iliachiwa na binadamu ifanye kazi yake. Kwa hivyo maoni yangu ni haya: anayeipita pwani ya magharibi ya Ireland bila ya kuuliza barabara imejengwa na nani, na zile nyumba zisizo mapaa zilikuwa za nani, huyo amepita tu, hakusafiri.

UPEPO TANGANI

Nianze na sifa, kwani mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 2014 idara ya utalii ya nchi hiyo ilizindua njia iitwayo Wild Atlantic Way, yenye urefu wa kiasi cha kilomita 2,500, kutoka rasi ya Inishowen upande wa kaskazini mpaka mji wa Kinsale upande wa kusini. Si barabara mpya. Ni barabara za zamani za pwani zilizounganishwa kwa vibao vyenye alama ya wimbi. Wenye magari ndio wengi katika njia hiyo, lakini mwenye baiskeli ndiye aifaidiye. Aliye ndani ya gari huiona nchi kama picha ya ukutani. Mwenye baiskeli hunusa moshi wa ule udongo mweusi wa kinamasi wanaoukausha na kuuchoma kama kuni, husikia vijito vikiteremka mawe, na kila mlima huujua kwa magoti yake.

Mtu wa pwani yetu hatapata taabu ya kuielewa kanuni ya kwanza ya safari hiyo, nayo ni upepo. Huko hakuna kaskazi na kusi kupokezana zamu. Upepo aghalabu hutoka kusini-magharibi, mwaka kucha. Basi mwenye busara huanzia kusini akaelekea kaskazini, upepo ukawa tangani mwake. Anayefanya kinyume huteremka mlima huku akikanyaga kama anayeupanda. Magari hupita kushoto kama hapa Kenya, lakini barabara nyingi za mashambani hazitoshi magari mawili kupishana, na kwenye kona ukuta wa mawe hukuziba macho. Baiskeli iwe na gia nyepesi na breki za kuaminika, na koti la mvua lisikosekane hata kama asubuhi kumekucha na jua.

NJAA NA MAWE

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Mwaka 1841 kisiwa kizima cha Ireland kilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 8. Wengi wao walikuwa wakulima maskini waliolipa kodi kwa wenye kumiliki ardhi, na chakula chao kilikuwa kiazi. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa uliooza viazi vikiwa ardhini, na mwaka uliofuata ukarudi kwa nguvu zaidi. Kufika mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao milioni moja walikuwa wamepanda merikebu kuikimbia nchi. Na katika miaka hiyohiyo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa bandarini kupelekwa Uingereza, kwani watawala wa London waliamini kwamba biashara haifai kuingiliwa. Mkulima aliyeshindwa kulipa kodi alitolewa nje na jamaa zake, paa likabomolewa nyuma yake ili asirudi.

Mpaka leo, ukiwajumlisha watu wa Jamhuri na wa Ireland ya Kaskazini, kisiwa hicho hakijaifikia hesabu ile ya mwaka 1841. Kaunti ya Mayo, ambayo waendesha baiskeli huipenda sana, ilikuwa na watu kiasi cha 389,000 wakati huo. Katika hesabu ya mwaka 2022 hawakutimia 140,000. Huo ndio utupu unaosifiwa.

Na barabara je? Serikali ya wakati ule ilichelea kugawa chakula bure, ikisema maskini watazoea uvivu. Ikaamua kwamba wenye njaa wafanye kazi ndipo walipwe, na kazi kubwa iliyopatikana ilikuwa kuvunja mawe na kutengeneza barabara. Mwezi wa Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa katika kazi hizo, wakiwamo wanawake na watoto. Ujira ulipimwa kwa kazi iliyofanywa. Naye mwenye njaa atafanya kazi gani? Wakati huohuo bei ya unga ilikuwa imekwisha kuupita ujira. Baadhi ya barabara hizo hazikufika popote. Ziliishia mlimani au kinamasini, kwa kuwa haja haikuwa barabara. Haja ilikuwa kuwashughulisha watu.

Mfano wa iliyofika ni Healy Pass, katika rasi ya Beara, mpakani mwa kaunti za Cork na Kerry. Hupanda kutoka Adrigole, ikajizungusha ubavuni mwa mlima kama kamba iliyotupwa sitahani, mpaka ikafika mita 334 juu ya bahari. Kisha hukuonyesha upande wa pili, na ziwa la Glanmore likiwa chini kama kioo. Ni mojawapo ya milima inayotajwa kwanza na waendesha baiskeli wa huko. Jina lake ni la Tim Healy, mwanasiasa aliyefanywa Gavana Mkuu wa kwanza wa Dola Huru ya Ireland mwaka 1922. Lakini kazi ya barabara ilianza mwaka 1847, na walioianza ni wenye njaa, ambao barabara haikupewa jina la hata mmoja wao. Mimi niliipanda nikiwa nimekula mayai na mkate, na bado nilifika juu nikihema. Waliovunja yale mawe walikula nini?

MPIRA WA GURUDUMU

Ukitoka Beara ukaendelea kaskazini katika kaunti ya Kerry, utafika ufuo wa Banna, karibu na mji wa Tralee. Ni mchanga mrefu usioona mwisho wake, mawimbi ya Atlantiki yakija safu kwa safu. Hapo, tarehe 21 Aprili 1916, alishuka kutoka nyambizi ya Kijerumani bwana mmoja aitwaye Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, aliyekuwa akitafuta silaha za kupigania uhuru wa Ireland. Alikamatwa siku ileile, na tarehe 3 Agosti mwaka huo Waingereza wakamnyonga London. Nguzo ya kumbukumbu yake iko karibu na ufuo huo.

Mwendesha baiskeli ana sababu ya pekee ya kusimama hapo, na sababu hiyo iko chini yake, katika mpira wa gurudumu. Mpira wa kujazwa upepo alikwisha kuubuni na kuusajili Mskoti mmoja, Robert Thomson, katika miaka ya 1840, ukasahauliwa. Uliopata kuenea duniani ulitoka Ireland. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akikaa Belfast, alisajili mpira alioutengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na mwaka uliofuata kampuni ya kuutengeneza ikaanzishwa Dublin. Dunia ikaingiwa na wazimu wa baiskeli, kisha wa motokaa, na wote wakataka utomvu wa mpira. Utomvu huo ukatafutwa katika misitu ya Kongo, nchi iliyokuwa kama shamba la Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu wa huko wakachapwa, wakatekewa wake zao, wakakatwa mikono ili watimize kipimo. Aliyekwenda kuyachunguza hayo, akiwa balozi mdogo wa Uingereza, na kuyaandika katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1904, ni huyuhuyu Casement. Mwaka 1908 Leopold akalazimika kuitoa Kongo mikononi mwake, ikawa koloni ya serikali ya Ubelgiji.

Basi fikiri, ndugu msomaji. Raha ya kuteleza juu ya lami bila ya kutikiswa mifupa imetoka Belfast. Gharama yake ikalipwa na Waafrika. Na mtu aliyeifichua gharama hiyo akaja kukamatwa katika ufuo ambao leo watu huja kupunga upepo.

ZIWA JEUSI

Lakini kama mtu ana siku moja tu, namshauri apande zaidi kaskazini, aende Mayo, aanzie mji wa Westport. Barabara ya kwenda Louisburgh hufuata ghuba ya Clew. Mkono wa kulia ni maji na visiwa vidogo vingi, mkono wa kushoto ni mlima Croagh Patrick wenye mita 764, ambao Wakatoliki huupanda kwa ibada. Chini ya mlima huo, mahali paitwapo Murrisk, iko sanamu ya merikebu ya shaba iliyochongwa na John Behan na kuzinduliwa mwaka 1997 na Rais Mary Robinson. Ukiitazama kwa mbali ni merikebu. Ukiikaribia, waona kwamba kamba zake ni mifupa ya watu. Ni kumbukumbu ya vyombo walivyopanda waliokimbia njaa, ambamo wengi walitoswa baharini kabla ya kuiona Amerika.

Kutoka Louisburgh barabara hugeuka kusini, ikaingia bonde la Doolough, jina ambalo kwa lugha ya Kiairishi maana yake ni ziwa jeusi. Mlima Mweelrea uko upande mmoja, milima ya Sheeffry upande wa pili, ziwa katikati, na barabara imejibana kando ya maji. Katika safari zangu zote za huko sikuona mahali palipopendeza kuliko hapo.

Sasa sikiliza habari zake. Mwisho wa mwezi wa Machi 1849, mamia ya watu wenye njaa walikusanyika Louisburgh ili wakaguliwe, wapate kuendelea kupewa msaada. Wakubwa wa kuwakagua wakenda zao kulala Delphi Lodge, nyumba ya mawindo iliyo yapata kilomita 19 kutoka hapo, wakaacha amri kwamba watu wawafuate, wawepo asubuhi yake; asiyefika atafutwa katika orodha. Watu wakatembea usiku ule wa baridi, wengine nguo hazikuwatosha. Husimuliwa kwamba walipofika waliambiwa wangoje mpaka mabwana wamalize kula. Kisha wakarudishwa mikono mitupu, na katika kurudi wakawa wanaanguka njiani mmoja mmoja. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo: habari zilizoandikwa wakati ule zataja wachache, masimulizi ya wenyeji yataja mamia. Msalaba wa jiwe usio na urembo umesimamishwa kando ya barabara, na kila mwaka watu huitembea njia hiyo kwa miguu kuwakumbuka.

Nilikaa hapo kiasi cha nusu saa. Yalipita makundi mawili ya waendesha baiskeli. La kwanza halikupunguza mwendo. La pili lilisimama, likalipiga picha ziwa huku limeupa msalaba mgongo, likaenda zake. Siwalaumu watu hao. Naulaumu mwongozo waliopewa, ambao mmoja wao alinionyesha: ulieleza kila mlima una mwinamo gani, na chai yapatikana wapi, usiseme neno hata moja la waliokufa.

RELI YA ACHILL

Kwenye ghuba hiyohiyo ya Clew, upande wake wa kaskazini, iko njia nyingine, nayo ni ya baiskeli na waendao kwa miguu. Huitwa Great Western Greenway, kiasi cha kilomita 42 kutoka Westport, kupitia Newport na Mulranny, mpaka kisiwa cha Achill. Ilifunguliwa kwa vipande mwaka 2010 na 2011 juu ya tuta la reli ya zamani iliyofungwa mwaka 1937, na kwa kuwa gari la moshi haliwezi milima mikali, hata mtoto aweza kuipita. La kusifiwa zaidi ni kwamba wenye mashamba waliombwa, wakaridhia njia ipite kwao. Kusini mwa Kerry, ambako ardhi ya njia kama hiyo ilitwaliwa kwa nguvu za sheria, watu walifikishana mahakamani. Si ajabu. Watu ambao wazee wao walitolewa majumbani hawaifanyii mzaha ardhi.

Reli yenyewe ina kisa. Mwezi wa Juni 1894, vijana wa Achill walipanda mashua kwenda Westport kuchukua meli ya Scotland, ambako walikwenda kila mwaka kufanya vibarua vya mavuno. Mashua ilipokaribia, vijana wakasogea upande mmoja kuitazama ile meli, mashua ikapinduka, wakafa 32. Reli ilikuwa bado haijafunguliwa rasmi, na gari la moshi la kwanza likawa la kupeleka maiti kwao. Septemba 1937, vijana 10 wa Achill waliokwenda kuchimba viazi waliungua wamelala bandani huko Kirkintilloch, Scotland. Maiti zao nazo zikarudishwa kwa reli hiyo katika siku zake za mwisho. Wazee wa Achill husema hayo yalitabiriwa zamani. Sisi twasema ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu. Lakini msomaji wa Lamu au wa Vanga, ambaye anajua chombo kikizama kinaacha nini nyuma, hahitaji utabiri ili kisa hicho kimguse.

Mwisho wa safari, chini ya mlima Slievemore hapo Achill, ziko kuta za nyumba kati ya 80 na 100, zote hazina mapaa, na ubavuni mwa mlima yaonekana bado matuta ya viazi yaliyolimwa kwa mkono. Majani yameyafunika, hata mtu asiyejua hudhani ni umbo la ardhi.

WASEMAO TUSTAREHE

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema: "Mimi nimekwenda kupumzika, si kufanya matanga." Wa pili atasema kwamba wenyeji wa huko wanakula kwa utalii, na mazungumzo ya maiti yatawafukuza wageni.

Huyu wa pili nitamjibu kwanza. Sanamu ya Murrisk, msalaba wa Doolough na nguzo ya Banna hazikujengwa na wageni. Zimejengwa na Waairishi wenyewe, na wamezijenga barabarani, mahali ambapo mgeni lazima apite. Mwenye nyumba akikuonyesha kaburi la babake, adabu ni kusimama.

Na yule wa kwanza namwambia hivi. Sisi tumefundishwa kuzuru makaburi ili tukumbuke mwisho wetu, wala hatukuambiwa kwamba aliyezuru asile tena wala asicheke. Tumehimizwa kutembea katika ardhi tuzingatie yaliyowapata waliotutangulia. Nusu saa ya Doolough haikunipunguzia hata chembe ya raha niliyoipata nilipoteremka kwenda kwenye mkono ule mrefu wa bahari uitwao Killary. Iliniongezea. Nilijua niko wapi.

Waislamu tuna fungu letu katika habari hizi. Mwaka 1847 Sultani Abdülmecid wa dola ya Uthmani alipeleka pauni 1,000 kuwasaidia wenye njaa wa Ireland, na barua ya shukrani waliyomwandikia wakubwa wa Ireland ipo mpaka leo. Hakuwa jirani yao wala wa dini yao. Alisikia wana njaa. Na katika kaunti hiyohiyo ya Mayo, katika mji wa Ballyhaunis, ulijengwa mwaka 1987 msikiti ambao ndio wa kwanza katika Jamhuri kujengwa makusudi uwe msikiti, kwa ajili ya Waislamu waliokuja na kiwanda cha nyama ya halali. Basi Mwislamu anayefika huko na baiskeli yake si kioja. Ajue tu kwamba mwezi wa Juni Maghrib huingia baada ya saa nne za usiku, na ruhusa ya musafiri ya kupunguza na kukusanya sala itamfaa sana. Vijana wetu walioko Uingereza wakitaka kwenda, wakumbuke kwamba Ireland ni dola mbali yenye visa yake.

Ninalolitaka si kubwa. Anayeandika mwongozo wa njia hizi, na aandike mwaka 1847 kando ya ile mita 334. Na anayezipita, ashuke kitini pale Doolough, aegemeze baiskeli ukutani, asome lile jiwe, ndipo apige picha yake. Sisi wa pwani tunajua vilivyo namna ufuo wa mtu unavyosifiwa na mgeni asiyeuliza hata jina la mwenyewe. Tusende kwa wenzetu tukawafanyia lile lile tunalolichukia tunapofanyiwa sisi.